Pingili Tisa na Nusu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimelazwa ubavu wa kulia juu ya meza ya eksirei ya kliniki yangu mwenyewe, na aliyenishika mikono alikuwa Besi.

Besi ni mbwa. Ni mnene, ana miguu mifupi na miaka kumi na mmoja, na aliitwa Besi kwa sababu tangu mdogo alibweka kwa sauti nzito kuliko umri wake. Amevaa aproni yangu ya risasi, ile ya kujikinga na miale. Imemkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi, na jambo hilo limeniudhi kidogo.

"Usijitingishe," ananiambia.

"Besi, mimi ndiye daktari."

"Wote husema hivyo wakishalazwa." Anamgeukia Hobokela, karani wangu wa kadi, aliyekaa kwenye stuli yake kama siku zote. "Mwambie huyu avute pumzi."

Hobokela anacheka. Kicheko hicho nakijua, nimekisababisha mimi mara nyingi.

Besi anabonyeza kitufe wakati ambapo natoa pumzi yote kwa hofu. Picha inatoka hapo hapo, ikiwa bado inachuruzika maji. Anaibandika kwenye kioo cha dirisha, anaitazama kwa muda ule ambao mtu hutazama nje kujua kama mvua imekatika, kisha anajifuta mikono.

"Moyo mkubwa," anasema. "Na mapafu yamejaa maji."

"Lakini nilikuwa natoa pumzi!"

"Andika, Hobokela. Moyo mkubwa. Vidonge vya maji, kutwa mara mbili."

"Kwa muda gani?" Hobokela anauliza.

"Mpaka nitakaposema."

Nataka kubisha, ila sentensi hiyo siwezi kuibishia. Ni yangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi nilikuwa nimelala pale nikiuonja mkuki wangu wenyewe kwa jina na kwa saini.

Hapa nisimamishe ndoto kidogo, maana bila habari hii haitaeleweka.

Mimi naitwa Ambakisye, ni daktari wa mifugo hapa Tukuyu, na kwa miaka mingi nimejivunia kwamba nasoma picha ya kifua kwa kuitupia jicho mara moja tu. Watu wamenisifu kwa hilo, nami nikavimba kichwa. Miezi minane iliyopita Mwalimu Atuganile alimleta Besi. Mwalimu ni mama wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, mjane, na ameongoza kwaya ya usharika wake kwa miaka zaidi ya thelathini. Besi alikuwa anakohoa kwa muda wa miezi mitatu. Nikampiga picha moja, ubavu mmoja, basi. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemshika miguu ya mbele, kama tufanyavyo huku, kwa kuwa mbwa akishikwa na mgeni anauma. Nilipobonyeza tu, Mwalimu akasema, "Daktari, hukumsubiri. Umepiga akiwa anatoa pumzi."

Nikamjibu, "Mwalimu, hapa siyo kwaya."

Hobokela akacheka. Watu waliokuwa kwenye benchi la nje na kuku wao wakacheka. Hata mimi nilicheka, na nilicheka kwa muda mrefu kuliko wote. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Sawa, Daktari, wewe ndiye unayejua," akamvisha Besi mnyororo wake wakaondoka.

Tangu siku hiyo Besi anameza vidonge vya kukausha maji mwilini. Mbwa wa vidonge hivyo hukojoa kila saa. Mwalimu alihamisha godoro lake akaliweka sebuleni kando ya mlango ili awahi kumtoa nje. Kikohozi hakikuisha, kilikauka tu, kikawa kama cha mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba ambayo haianzi. Wiki iliyopita nilimwambia Mwalimu, kwa sauti ya mtu mwenye busara, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Tukakubaliana leo Alhamisi, saa tatu asubuhi, amlete nimdunge sindano ya kumlaza moja kwa moja.

Basi hilo ndilo nililolala nalo kifuani. Turudi mezani.

Besi amenipa vidonge, na papo hapo nimebanwa na mkojo. Namwomba anionyeshe choo.

"Mlango ni ule," anasema, akiielekeza pua yake kwenye picha iliyo dirishani.

"Ile ni picha."

"Wewe siku zote umeingia humo bila kubisha hodi. Leo unauliza?"

Nashuka mezani, naingia kwenye picha.

Ndani kuna baridi na ukungu wa kijivu, kama Tukuyu mwezi wa saba. Kwenye ukingo wa picha, pale ambapo mtu hapatazami, umesimama mkono. Ni mkono mtupu, mifupa myeupe, bila mtu. Una pete kwenye kidole cha pete, na kidole cha shahada kimeinuliwa juu.

"Bado," mkono ukasema.

"Samahani, natafuta choo."

"Bado. Picha husomwa kuanzia pembeni. Kile ulichokijia kitazamwe mwisho."

"Utaratibu huo naujua. Niliufundishwa chuoni, na mtihani wake nilifaulu."

"Tangu ufaulu, umeufuata mara ngapi?"

Mkono ulisubiri jibu kwa adabu. Mimi nilikuwa na haraka, na tena nilikuwa nimebanwa, nikainama nikapita chini ya kile kidole kama mtu anayepita chini ya kizuizi cha barabarani. Nyuma yangu nilisikia mkono ukisema "bado" kwa mara ya tatu. Haukusema kwa hasira. Ulisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kutosikilizwa na watu fulani, na mmoja wao ndiye mimi.

Mbele kuna baraza refu, na kwenye baraza kuna benchi moja lisilo na mwisho. Pingili za mgongo zimekaa zimebanana kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Wa nne kutoka mwanzo wa kifua ni mama mwenye miwani na mkoba mapajani.

"Mimi ndiye Pingili ya Nne," anasema. "Kuhesabu kunaanzia kwangu. Umeleta moyo?"

"Hapana, mimi natafuta tu..."

"Mwiteni moyo."

Moyo akaja. Nilitegemea jitu, maana nilimwandika mwenyewe kuwa mkubwa. Alikuwa bwana mfupi, mwenye haya, aliyeshika kofia kwa mikono miwili. Shingoni ametundikiwa kadi ya kliniki yangu, na juu ya kadi kuna neno MKUBWA kwa mwandiko wangu.

"Shikamoo, Daktari," akasema.

Aliponiamkia nikajisikia vibaya zaidi. Nikaitikia marahaba.

"Daktari, natembea na kadi hii mwezi wa nane sasa," Moyo akaendelea. "Majirani hawanitazami. Ini ananiita mheshimiwa, na sijui kama ni heshima au ni kejeli. Mimi kazi yangu ni ileile, sijaongeza kitu. Sijanenepa. Chumba ndicho kilichopungua. Ulipiga picha dari likiwa limeshuka na kuta zimebana. Mtu yeyote ukimpiga picha ndani ya kabati ataonekana jitu."

"Ungesema mapema," nikamwambia. Nilijisikia nikisema hivyo, nikajionea haya hata katika usingizi.

"Nilikuwa nasema kila siku. Tup, tup. Ulinisikiliza kifuani mara moja tu, tena ulikuwa unaongea na simu."

Pingili ya Nne akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jipime, Bwana Moyo," akasema.

Moyo akavua viatu, kwa heshima ya benchi, akajilaza kwa urefu juu ya mapaja ya pingili. Zikahesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza: tano na nusu. Akainuka, akajilaza kwa upana. Nne. Pingili ya Nne akajumlisha kwenye kiganja.

"Tisa na nusu. Mbwa wengi wazima huishia kumi na nusu. Huyu ana nafasi ya kualika mgeni." Akanitazama juu ya miwani. "Kuna aliyempima kabla ya leo?"

Benchi zima likanigeukia.

"Kupima kunachukua muda gani, Daktari?"

"Dakika moja," nikasema.

"Na kutokupima?"

"Miezi minane."

Akaliandika jibu lile kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake. Moyo aliivua kadi shingoni, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha chungu cha jirani. Sikuwa na mahali pa kuiweka, kwa kuwa nguo niliyovaa ilikuwa ile ya hospitali inayofungwa mgongoni na nyuma kuko wazi. Jambo hilo ndio kwanza nilikuwa nimeligundua. Pingili zote bila shaka zililigundua zamani.

Kabla sijaomba radhi, Koromeo alipita katikati ya baraza akitembea na fimbo, mrefu, mwembamba, amekauka kama gunzi. Alitaka kunieleza jambo. Akafungua kinywa, akakohoa. Akajaribu tena, akakohoa. Pingili ya Nne ikabidi amsemee.

"Anasema alikuwa na makohozi kidogo ya kumlainishia njia, nawe ukayatoa yote kwa mkojo. Anauliza kama una maji ya kunywa."

Sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mkojo tu, na huo niliubana.

Kengele ikalia. Sikuona mtu akiligusa benchi, lakini sasa ni benchi la kanisa, na baraza ni kanisa, na ukungu umejaa mpaka kwenye dari, mweupe, mzito. Mbele imesimama kwaya. Ni mbavu: kumi na tatu upande wa kushoto, kumi na tatu upande wa kulia, zote kwenye majoho, zimeinama kidogo kwa jinsi zilivyozaliwa. Sakafu tuliyosimama ni kiwambo, kile kinachotenga kifua na tumbo, kwa hiyo inapanda na kushuka. Hakuna anayeshangaa. Mtu mmoja amenivuta joho langu la hospitali, amenipeleka safu ya nyuma.

"Besi anaumwa," ananinong'oneza. "Leo utaimba nafasi yake."

Mbele ya kwaya amesimama Mwalimu Atuganile. Amevaa kitenge chake cha Jumapili. Anatutazama mmoja mmoja, kuanzia pembeni. Anapofika kwangu hakunji uso wala hatabasamu. Kisha anainua kidole cha shahada.

Kila mtu aliyewahi kuimba kwaya anajua maana ya kidole kile. Maana yake ni pumzi. Unavuta, unajaza, unasubiri, na hakuna sauti mpaka kidole kishuke. Mbavu zote zikaanza kuvuta. Nikasikia hewa ikiingia taratibu kama maji yanavyoingia shambani.

Mimi sikusubiri. Sijui nini kilinisukuma. Labda ni mazoea. Nilifungua kinywa nikiwa sina pumzi hata ya kuzimia mshumaa, nikaimba peke yangu, kwa sauti ya juu, ya kukwaruza, isiyo besi wala teno:

"Mwalimu, hapa siyo kwaaaya!"

Kanisa lile lina mwangwi mzuri. Sentensi ilikwenda mpaka madhabahuni, ikarudi, ikapita tena, ikarudi. Mara nne. Kila iliporudi niliielewa vizuri zaidi.

Washarika wakageuka. Sikuwa nimewaangalia kabla. Walikuwa wagonjwa wangu wote: mbuzi, paka, ndama, mbwa wa kila aina, wamekaa wima kwenye viti, kila mmoja na picha yake ya eksirei mapajani. Nilingoja wacheke. Niliwaomba kwa macho wacheke, maana kicheko ningekivumilia. Hakuna aliyecheka hata mmoja. Hobokela alikuwepo katikati yao, ameinamisha kichwa, anachezea ukingo wa kanga yake. Aibu ilinipanda kutoka miguuni mpaka kwenye masikio. Nimeshawahi kuaibika maishani, lakini siku zote nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Safari hii nilimtafuta kwenye safu zote nisimpate.

"Tena," Mwalimu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Safari hii, safu ya nyuma, subirini."

"Mwalimu, nisamehe."

"Kwanza pumzi, Daktari. Mtu hawezi kuomba msamaha akiwa hana hewa."

Akainua kidole. Mbavu zikavuta. Nami nikavuta, na nikasubiri, na kwa mara ya kwanza nikaona kinachotokea ukisubiri. Sakafu ikashuka. Kuta zikasogea nje. Dari likapanda. Ule weupe niliouita maji ukaanza kupungua, ukageuka kijivu, ukageuka mweusi, weusi mzuri wa chumba kilichojaa hewa. Bwana Moyo alikuwa amekaa kwenye kiti chake katikati, na kiti kilimtosha, na pande zote kulikuwa na nafasi ya kupita.

Hapo ndipo nilipoviona kwenye kuta. Viduara vidogo vidogo kama pete, na mistari miwili miwili iliyokwenda sambamba kama reli. Ni kuta za njia za hewa zilizonenepa kwa kuwashwa siku nyingi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa nne anavijua. Nilisogea, nikagusa kimoja, kidole kikatoka na masizi. Kulikuwa na harufu ya kuni.

"Moshi," ubavu mmoja ukasema bila kuachia pumzi yake.

"Besi analala wapi?" ubavu wa pili ukaniuliza.

"Sijui."

"Ulimwuliza Mwalimu?"

Sikumwuliza. Miezi minane nimempa vidonge mbwa ambaye sijui analala wapi. Swali lenyewe lina maneno matatu.

Kidole cha Mwalimu kikaanza kushuka, polepole, na nikajua kikifika chini nitatakiwa kuimba, na nikajua nikiimba vibaya safari hii Besi hatarudi tena kwenye safu. Kifua kilikuwa kimenijaa mpaka kinauma. Nilitaka kuimba. Nilitaka sana.

"Baba Lugano! Pumua! Wewe baba, pumua!"

Mke wangu alikuwa ananitikisa bega. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka, na mvua ilikuwa inanyesha ile ya kawaida yetu. Nikaachia pumzi ndefu, nikakohoa.

"Umenitisha," mke wangu akasema. "Ulikuwa umebana pumzi kama mtu aliyezama. Halafu ulikuwa umeinua kidole hivi." Akanionyesha kidole cha shahada. "Ulikuwa unamkataza nani?"

Nikamwambia sikuwa namkataza mtu. Nikaenda msalani kwanza, maana jambo hilo halikuwa la ndotoni peke yake, kisha nikavaa koti la mvua nikavuka uwanja kwenda kliniki, ambayo iko nyuma ya nyumba.

Bahasha ya Besi ilikuwa kwenye kabati la Hobokela, mahali pake. Nikaitoa picha, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, nikakaa kwenye stuli ya Hobokela nisubiri mwanga utoshe. Sikuwahi kuisubiria picha mwanga. Ulipotosha, nikajilazimisha kuanzia pembeni.

Kwenye ukingo wa kushoto, pale miguu ya mbele ilipovutwa, kulikuwa na mkono. Mifupa myeupe, safi, ya mtu mzima. Pete kwenye kidole cha pete. Vidole vinne vimemshika mbwa mguu. Kidole cha shahada kimeinuliwa.

Sikuwahi kuuona mkono ule. Miezi minane picha ilikuwa kabatini mwangu, mita mbili kutoka kwenye kiti changu, na ndani yake Mwalimu Atuganile ananiambia bado. Alikuwa ameniambia kabla sijabonyeza. Alipoona sikuelewa kidole, ndipo aliponiambia kwa maneno, na maneno nayo nikayafanyia mzaha mbele ya watu.

Nikachukua karatasi, nikapima moyo kwa urefu na kwa upana, nikauhesabia kwenye uti wa mgongo kuanzia pingili ya nne. Sikuhitaji kuhesabu, lakini nilihesabu, mara tatu, nikitamani walau mara moja nikosee. Tisa na nusu.

Hobokela alifika saa mbili, akanikuta bado nimekaa kwenye stuli yake. Alinitazama, akaitazama picha. Akaenda kuchemsha chai.

Saa tatu kamili Mwalimu aliingia. Alikuwa amemleta Besi kwenye toroli la bustani, akilisukuma mwenyewe kwenye tope, na ndani ya toroli alitandika blanketi. Besi alikuwa ameogeshwa. Mwalimu alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili, kwa sababu alikuja kumzika mtu wake. Nilipokiona kitenge kile nusura nirudi ndani nijifungie.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Daktari. Tumewahi au tumechelewa?"

"Mmewahi. Mwalimu, naomba ukae."

"Nitasimama. Nikikaa nitalia, na sitaki Besi anione."

Besi alikohoa kwenye blanketi lake, mara tatu, kikohozi kikavu. Maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu alfajiri yalikuwa marefu na ya kitaalamu, na yote yalinikimbia, nikabaki na mafupi.

"Nilikosea," nikasema. "Picha ile nilipiga akiwa anatoa pumzi. Moyo wake si mkubwa. Sikuupima. Ulinionya, nami nikakucheka mbele za watu."

Hobokela alisimama mlangoni na vikombe viwili, akakosa pa kuviweka.

"Nilikuambia," Mwalimu akasema mwishowe.

"Uliniambia."

"Mimi nimewafundisha watu kupumua miaka thelathini, Daktari. Mbwa naye ni kifua tu." Alikuwa ananiangalia moja kwa moja. "Miezi minane nimelala sakafuni. Magoti haya hayawezi tena kuinuka sakafuni, lakini yaliinuka. Nilikuwa najiambia, Atuganile, daktari ndiye anayejua, wewe ni mzee wa kwaya tu. Nikanyamaza. Mimi! Niliyekuwa nawafukuza wachungaji mazoezini wakichelewa."

Sikujitetea. Nilisimama pale nikaipokea lawama ile, kwa kuwa ilikuwa ya kwangu.

"Besi analala wapi, Mwalimu?" nikamwuliza baadaye, kwa sauti ndogo.

"Jikoni, kando ya mafiga. Kule kuna joto la kuni usiku kucha. Tangu aanze kuzeeka halali pengine. Mchana tu ndio anakaa nami sebuleni, na usiku namfuata kumtoa." Akalinyoosha blanketi la Besi. "Hujawahi kuniuliza."

"Sijawahi."

"Ni moshi?"

"Inawezekana. Mwalimu, sitaki kukudanganya mara ya pili. Kuhusu mapafu, picha hii haiwezi kusema kitu, si kizuri wala kibaya. Nataka kupiga nyingine, ubavu huu na ubavu huu, na ya tatu amelala kifudifudi. Inaweza kuonyesha njia za hewa zilizovimba, na hizo tunaweza kuzisaidia. Inaweza pia kuonyesha jambo baya zaidi, sijui. Vidonge vile asimeze tena. Na sindano ya leo sidungi."

Akamtazama Besi. Besi akapiga mkia kwenye ubao wa toroli mara moja, kwa uzito, kama mtu anayeunga mkono hoja bila kusimama.

"Nipe aproni," Mwalimu akasema.

Hobokela akamvisha aproni ya risasi juu ya kitenge cha Jumapili, akamfunga kamba nyuma, akamletea na zile glovu nzito ambazo siku ile tulikuwa hatuna. Tukamlaza Besi ubavu wa kulia. Mwalimu akamshika miguu ya mbele, akamwinamia, akamwambia jambo kwa Kinyakyusa ambalo lilikuwa lao wawili. Halafu akaniangalia.

"Mwalimu," nikasema, "leo wewe ndiye utakayenipa ishara. Mimi nitafuata."

Hobokela hakucheka.

Mwalimu akainua kidole, kinene ndani ya glovu. Nikaweka mkono kwenye kitufe. Besi akakohoa, akahema juu juu, akatulia. Ubavu wake ukashuka. Vidole vyangu vikataka kubonyeza, kwa mazoea yake, nikavizuia. Ubavu ukaanza kupanda, taratibu, ukasita njiani, ukaendelea kupanda. Kidole cha Mwalimu kilikuwa bado juu.

Nikasubiri.